Nyuki wa Pilipili Manga

Mchana natengeneza meno.
Bombo, chumba cha nyuma: nta, plasta, ufizi wa waridi,
meno ya mzee wa Mabawa anayetaka tena kutafuna bisi.
Usiku, Barabara ya Kumi na Moja,
kwa nta ileile namtoa mtu
mrefu kama kidole gumba.
Mwanzo hana uso. Ana goti tu,
na bunduki nyembamba kuliko njiti ya kiberiti.

Feni ya Tanga ni adui wa rangi:
huikausha kisahanini kabla sijachovya mara ya tatu.
Basi sponji lenye maji chini ya karatasi,
feni izimwe, shingo ivumilie.
Kwanza nyeusi, mwili mzima, kama aliyefufuka masizini.
Kisha kaki, na kaki si moja:
kaki ya kivulini, kaki ya jua,
kaki ya goti lililosuguliwa na mkonge.
Halafu maji ya kahawia, mepesi kama chai ya msibani,
yajitafutie yenyewe mikunjo ya nguo.

Jicho huja mwisho.
Brashi ya nywele tatu naichonga kwa ulimi,
nazuia pumzi,
nasubiri kati ya pigo la moyo na pigo,
nukta.
Ukikosea, huyo ni kengeza mpaka kiama.
Ninao wanne. Nawapanga nyuma.

Mke wangu Mwantumu ni mtu wa Moa; hanigombezi, hunitungia:

   Askari wa mezani, hali wali wala nyama,
   Hakumbuki ya nyumbani, wala hamuiti mama,
   Aangukapo vitani, kesho tena husimama,
   Wa kweli yu mchangani, wala hana la kusema.

Namjibu, vina vyako vizuri, nipitishie gundi.

Jumamosi huja Mwalimu Kilua
na Waingereza wake ndani ya boksi la viatu.
Meza ni mlango wa jiko uliooza bawaba.
Mchanga nimeuchekecha Raskazone kwa chujio la tui.
Tunapigana Novemba ile ya mwaka kumi na nne,
tukibishana nani angeshinda
lau nyuki wasingetoka mizingani.
Nyuki wangu ni pilipili manga iliyotwangwa,
nimewagandisha kwenye nywele za brashi kuukuu.
"Nyuki gani hawa," anasema Kilua, "wakubwa kama njiwa!"
Anainama awatazame. Anapiga chafya.
Kikosi kizima cha mstari wa mbele chali.
Tukahesabu: wameumwa.

Siku moja alikuja na mjukuu wake, Hidaya,
miaka saba, kidevu juu ya ukingo wa mlango.
Alitazama muda mrefu.
"Maji yao anabeba nani?"

Tukatazamana, watu wazima wawili wenye dado mkononi.
Mizinga tunayo. Farasi tunao, mmoja ana mkia wa ziada.
Hata mbwa wa ofisa yupo.

Babu wa baba yangu alichukuliwa Maramba.
Alibeba. Hatujui nini.
Hatujui alitua wapi, kama alitua.

Tangu hapo nimewachonga arobaini,
kwa akriliki ya meno iliyobaki, ile ngumu.
Kila mmoja na shingo yake, kwa sababu shingo ndiyo inayobeba.
Huyu kazuia kikohozi. Huyu anatazama miguu ya aliye mbele.
Nyayo zao nimezipaka, kupauka na nyufa,
kisha nikazigandisha chini, hazitaonekana tena.
Mwantumu alishika taa usiku wote umeme ulipokatika.
Hakutunga kitu.

Yule wa mwisho mstarini, mzigo wake sijaugundisha.
Umekaa tu kichwani kwa uzito wake.
Kila zamu yangu nauinua kwa koleo dogo, nauweka chini, kando yake,
naye anabaki amenyoosha mikono hewani.

"Sheria hiyo haimo kitabuni," Kilua alisema.
"Najua," nikasema. "Rusha dado."